Injini ya pwani, hewa ya Entebbe

Fundi alipiga magoti kwenye sakafu ya boti, akafungua mlango wa chumba cha injini, akamulika ndani kwa tochi ya simu. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akapitisha kidole nyuma ya kinga ya mkanda, akakitoa kimejaa vumbi jeusi la mpira, laini kama wanja.

"Mkanda unajisaga," alisema. "Puli mojawapo imekaa upande."

Hajji, aliyetaka kuinunua boti hiyo, hakukitazama kile kidole. Macho yake yalikuwa kwenye bamba dogo ubavuni mwa injini, lenye idadi ya nguvu za farasi, na kwenye ule mtambo wa aluminiamu uliofungwa juu yake na puli yake peke yake: supachaja, pampu ya kushindilia hewa ndani ya injini. Tulikuwa Nakiwogo, gati la Entebbe, asubuhi, kivuko cha Kalangala kikiwa bado hakijarudi kutoka Lutoboka, kule visiwani. Muuzaji alikuwa amesimama gatini, anaongea na simu.

"Sasa fundi, hii ni nzuri au si nzuri?"

Fundi ni mtu wa Mwanza, maisha yake yote yamepita kwenye vyumba vya injini. Alijifuta mikono taratibu. "Mzee wangu, nianze mimi kukuuliza. Katika kila saa kumi utakazokaa majini, ngapi utakuwa unakimbia?"

Hajji alinyamaza. Nami nilinyamaza, ingawa ndimi niliyeitwa kutoa ushauri.

Swali lile limenisumbua kwa wiki kadhaa.

## Pumzi ya kusukumwa

Dizeli huishi kwa hewa kabla ya kuishi kwa mafuta. Mafuta unaweza kuyaongeza upendavyo, lakini kama hewa ya kuyaunguza haipo, unachopata ni moshi mweusi na joto. Kwa hiyo watu walianza mapema kutafuta namna ya kuishindilia hewa ndani ya silinda.

Pampu ya ndugu wawili wa Indiana, Philander na Francis Roots, ilipewa hataza mwaka 1860, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupuliza hewa viwandani, si kwenye gari wala boti. Gottlieb Daimler alipata hataza ya kushindilia hewa kwenye injini mwaka 1885. Mswisi Alfred Büchi akaja na lake mwaka 1905: kuutumia moshi unaotoka kuzungusha feni inayoingiza hewa. Miaka ya 1920 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa dizeli zilizopandishwa kwa njia hiyo kutoka farasi 1,750 hadi 2,500.

Tabo, kwa jina refu tabochaja, ni mtoto wa Büchi, anakula moshi ambao ungepotea hewani. Supachaja inakula kwa krenki yenyewe, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa mkanda au kwa gia. Tofauti hiyo ndiyo inayobeba kila kitu nitakachosema hapa.

Kuna hoja moja niliyoisikia mara nyingi kutoka kwa wanaouza boti, kwamba supachaja imethibitishwa tangu Vita vya Pili vya Dunia. Wanaikusudia dizeli ya 6-71 ya General Motors, iliyotoka mwaka 1938, ambayo ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya maji ilisukuma vyombo vya kuteremsha askari ufukweni kwa farasi 225. Ni injini ya kuheshimiwa kweli. Lakini ile ni injini ya mipigo miwili, haina mpigo wa kuvuta hewa, na bila pampu ya Roots kuipulizia haiwaki kabisa. Pale pampu ni mapafu yake. Kwenye dizeli ya mipigo minne, kama ya Hajji, pampu ni nyongeza, na nyongeza lazima ijieleze inaleta nini na inachukua nini. Anayekuletea heshima ya 6-71 ili akuuzie injini nyingine kabisa, mwambie akuonyeshe hiyo anayoiuza.

## Ziwa liko juu

Tunaoishi hapa tunasahau kwamba Ziwa Victoria liko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Maji yapo, mawimbi yapo, gati lipo, na akili inatuambia tuko baharini. Injini haidanganyiki. Mombasa hewa inakandamiza kwa bar 1.01. Entebbe ni 0.88 hivi. Ni pungufu ya asilimia 12 au 13 kabla hujawasha swichi. Ubaridi wetu unarudisha kidogo, kwa sababu hewa ya nyuzi 25 ni nzito kuliko ya nyuzi 30, lakini ni kidogo tu.

Injini isiyo na tabo wala supachaja, iliyoandikwa farasi 200 kule pwani, hapa itakupa 175 au 180. Na kama pampu yake ya mafuta ni ya zamani, isiyo na kompyuta, itaendelea kumimina mafuta yaleyale iliyopangiwa pwani huku hewa imepungua. Ile rangi nyeusi unayoiona nyuma ya boti nyingi zikiondoka Ggaba, gati la Kampala, si ukubwa wa nguvu. Ni mafuta yaliyonunuliwa kwa fedha halali na kukosa hewa ya kuungulia.

Boti ya Hajji imetoka pwani kwa lori. Hapo ndipo niliposhawishika kwanza kwamba supachaja ndiyo dawa yetu: hewa nyepesi, basi isukumwe.

Nilikaa na wazo hilo siku kadhaa nikaona lina tundu.

Supachaja ya mkanda huzunguka kulingana na krenki. Krenki ikizunguka mara moja, yenyewe inameza ujazo uleule wa hewa, uwe Mombasa au uwe Entebbe. Haijui kwamba hewa imekuwa nyepesi. Ikiwa pwani inazidisha presha mara 1.6, itafikisha bar 1.6 na kidogo. Hapa itazidisha 0.88 kwa 1.6 na kufikia 1.4. Bado ni hewa nyingi kuliko ya injini isiyosaidiwa iliyoko baharini, hilo halina ubishi, lakini pengo la asilimia 12 limebaki palepale. Halikuzibwa. Limepandishwa ghorofa.

Tabo ina tabia tofauti. Hewa ya nje ikipungua uzito, moshi unaotoka unakuta upinzani mdogo, feni inazunguka kwa kasi zaidi, na sehemu kubwa ya pengo inajazwa yenyewe. Kuna mpaka, kwa sababu feni inayozidi kasi yake inajiua, ila kwa mita 1,135 injini nyingi za tabo huvumilia vizuri.

Kwa hiyo kama hoja ni urefu wa ziwa letu peke yake, tabo inashinda. Nilikaribia kumpigia Hajji simu nimwambie achukue boti ya pili aliyoonyeshwa Ggaba, yenye tabo tu na farasi wachache zaidi. Bahati nzuri nilikumbuka jinsi boti inavyoondoka.

## Kilima cha maji

Boti ya kabini ya mita tisa, yenye urefu wa mita nane hivi majini, ikienda taratibu inalima maji. Inafika karibu kilomita 13 kwa saa na hapo inagota, kwa sababu inapanda wimbi ililolitengeneza yenyewe. Ukitaka kwenda zaidi ya hapo, lazima chombo kipande juu ya maji na kuteleza. Kati ya kulima na kuteleza kuna kilima. Pua inainuka, tako linazama, nahodha haoni mbele, na injini inadaiwa nguvu nyingi kabla haijafika kwenye mizunguko yake mizuri.

Hapo ndipo tabo inapoumwa. Inangoja moshi, na moshi unangoja mafuta yaungue, na mafuta yanangoja hewa ambayo tabo haijaleta. Pwani ucheleweshaji huo ni wa kuvumilika. Hapa kwetu hewa nyepesi inaufanya mrefu zaidi, kwa sababu kabla tabo haijaamka injini ni ileile dhaifu ya asilimia 88. Nimewahi kusimama kwenye boti ya tabo iliyojaa watalii na mizigo yao, tunaelekea kisiwa cha Ngamba, pua juu, moshi nyuma, nahodha akiwaomba abiria wasogee mbele ili chombo kikubali kulala. Kilikubali hatimaye. Kama wimbi la pembeni lingetukuta katika hali ile, hakuna aliyekuwa na njia ya kukwepa.

Supachaja haingoji. Ukisukuma mkono wa mafuta, hewa ipo. Nguvu ya kuzungusha inakuja chini kabisa, kwenye mizunguko ambayo tabo bado imelala, na chombo kinavuka kilima kwa pumzi moja. Moshi wa kuondokea unapungua sana. Ndiyo sababu Volvo Penta waliijenga familia yao ya KAD, na baadaye D4 na D6 zenye nguvu zaidi, zikiwa na vyote viwili: supachaja ya kuondokea, na tabo ya kuendelea nayo baada ya supachaja kuachiwa na klachi yake. Injini ya Hajji ni ya kiwanda kingine, lakini fikra ni hiyohiyo.

Basi mizani ikageuka tena. Urefu wa ziwa, ambao nilikuwa nimeushika kama hoja ya tabo, ndio unaofanya tabo ichelewe zaidi mahali penye hatari zaidi. Na kwenye ziwa hili, ambapo wingu jeusi linaweza kukukuta umbali wa nusu saa kutoka nchi kavu, uwezo wa kuinuka haraka na kuondoka si anasa.

## Inachodai

Lakini hakuna kinachosukuma bure.

Kwanza inakula nguvu. Presha inavyopanda ndivyo inavyodai zaidi kutoka kwenye krenki, na kwenye injini ya farasi mia mbili na zaidi si ajabu ikachukua kumi au ishirini kabla propela haijapata chochote. Iliyo na klachi inaachiwa ukishapata kasi, na hapo deni linakwisha. Isiyo na klachi inakula tangu unawasha hadi unazima.

Pili ni joto. Hewa ukiishindilia inapata moto. Ile iliyoingia ikiwa na nyuzi 25 inaweza kutoka kwenye supachaja ikikaribia 90, na hewa ya moto ni nyepesi, yaani unapoteza kile ulichokilipia. Kwa hiyo panawekwa intakula, kipozeo cha hewa hiyo, inayopozwa kwa maji ya ziwa. Hapa ziwa letu lina neema yake: maji hayana chumvi, na vipozeo ambavyo pwani vinaliwa na kutu hapa vinadumu. Sijui kwa nini watu hawaisemi neema hii zaidi. Pamoja nayo kuna gugu maji. Tangu liingie Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 halijaondoka kabisa, linatanda na kuhama na upepo, na mizizi yake ikivutwa kwenye tundu la maji ya kupoza inaziba chujio mara moja. Injini ya kawaida ikikosa maji inakupa dakika chache za onyo. Inayoshindiliwa hewa inakupa pungufu ya hapo, kwa sababu pistoni na valvu zinafanya kazi karibu zaidi na ukingo.

Na wale wadudu wa ziwa! Mtu wa Entebbe hahitaji kuelezwa. Tumewaona wakiinuka juu ya maji kama moshi wa kijiji kizima. Ukipita katikati yao na injini inayovuta hewa kwa nguvu mara moja na nusu, chujio la hewa linageuka kuwa uji. Ndani ya supachaja vipande viwili vinazunguka vikiwa vimeachana kwa nafasi ndogo sana, havigusani na havitakiwi kugusana. Chujio likipasuka kwa kuzidiwa, kinachoingia ndani kinakwaruza, na nafasi ile ikishakwaruzwa hairudi.

Kisha mkanda, puli, beringi, klachi, na yale mafuta kidogo ya supachaja yenyewe, ambayo nyingi zinayo yakiwa pembeni na mafuta ya injini. Hayo ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Mtu anabadilisha mafuta ya injini kwa wakati, ana risiti, ana daftari, na kile kijitundu cha kuangalia mafuta ya supachaja hajawahi kukifungua.

Sitaki nionekane naitetea petroli. Kwenye boti yenye kabini, ambapo watu wanakaa juu ya chumba cha injini kilichofungwa, dizeli ni usalama. Mvuke wa petroli unajikusanya chini ya sakafu na kungoja cheche. Mvuke wa dizeli hauwi tishio mpaka mafuta yapate joto la zaidi ya nyuzi 50. Nimebishana na wengi juu ya hili na sitaacha kubishana.

## Jumapili jioni

Nikarudi kwenye swali la fundi.

Nilimpigia Hajji, nikamwomba tuandike matumizi ya boti kwenye karatasi. Akataja safari za Ngamba, kilomita 23 kutoka Entebbe, watalii wanataka wafike mapema na warudi mapema. Akataja familia zinazokwenda visiwa vya Ssese. Halafu kwa sauti yenye furaha zaidi akataja Jumapili: watu wanapanda saa kumi jioni, muziki, nyama choma, boti inazunguka polepole mbele ya Entebbe mpaka jua linazama. Hapo ndipo penye fedha, akasema.

Nikaanza kuhesabu. Propela inadai nguvu kwa kanuni ngumu: mizunguko ikipungua hadi nusu, nguvu inayotakiwa inashuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Boti inayotembea kilomita 10 au 12 kwa saa na muziki wake haihitaji farasi 250. Inahitaji thelathini hivi.

Sasa chukua injini iliyojengwa kwa ajili ya kukimbia, uitembeze kwa farasi thelathini tangu saa kumi hadi saa moja usiku, kila Jumapili, mwaka mzima. Silinda hazipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote. Masizi yanajenga kwenye nozo za kunyunyizia mafuta, kwenye valvu, kwenye feni ya tabo. Kuta za silinda zinalainika na kung'aa, pete za pistoni zinashindwa kushika, injini inaanza kula mafuta yake na kutoa moshi wa buluu. Supachaja, kama ina klachi, haijaitwa kazini hata mara moja, na inakaa juu pale ikibeba uzito wake. Siku itakapoitwa, imeshikana.

Hajji alikuwa karibu kununua injini ya kukimbia kwa ajili ya kazi ya kutembea.

Na kuna jambo zito zaidi. Mtu akiwa na farasi wengi chini ya sakafu anaanza kuamini kwamba chombo kinaweza kubeba zaidi. Hakiwezi. Novemba 2018 MV Templar, boti ya starehe, ilizama karibu na Mutima, Mukono, ikiwa na watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 30 hawakurudi makwao. Nguvu ya injini haiongezi hata abiria mmoja kwenye uwezo wa boti. Nilimwambia Hajji hivyo kwa maneno makali kuliko nilivyozoea kumwambia mtu wa umri wake, naye alinisikiliza.

## Nani atakuja

Injini ya Fuso ikikufia Kampala, unakwenda soko la vipuri la Kisekka na kipande mkononi, na kabla ya jioni umepata kinachofanana nacho. Fundi yupo, mfano upo, hata wa mtumba upo. Supachaja ya boti ikikufia Lutoboka, umeanza safari nyingine. Beringi zake zinaagizwa. Klachi yake inaagizwa. Mafundi wanaoweza kuifungua na kuirudisha ikiwa na nafasi zake sahihi wanahesabika, na wengi wana kazi Mwanza au Kisumu wakati wewe unawahitaji.

Na mafuta. Visiwani dizeli inafika kwa madumu, inamiminwa kwa faneli, inakaa kwenye mapipa yanayotoka jasho usiku. Maji yanaingia. Injini yoyote inaumia kwa maji kwenye mafuta, lakini ile yenye nozo za presha kubwa na inayoshindiliwa hewa inaumia kwa gharama kubwa. Chujio la kutenganisha maji, lenye kikombe cha kioo unachokiona kwa macho, ningeliweka kabla ya kununua viti vya ngozi.

Hapo nilikaribia kuamua kwamba supachaja haina nafasi kwenye ziwa hili.

Kisha nikafikiria Kalangala, wilaya ya visiwa 84, na mama anayeshikwa na uchungu usiku kwenye kimoja kati ya hivyo ambacho hakina daktari wa upasuaji. Boti inayokwenda kumchukua inapakia watu wanne au watano, dawa, na kitanda. Inaondoka kwenye maji mafupi, lazima ipande mara moja, ikimbie kwa nguvu zote hadi Entebbe au ufuko wa upande wa Masaka, irudi, ingoje. Karibu kila saa yake ya kazi ni saa ya kukimbia. Boti ya namna hiyo ningeipa supachaja na tabo pasipo kusita, na ningempa mtu mmoja kazi ya kuitazama peke yake, mkanda kila wiki, mafuta kila wiki, chujio kila safari. Gharama yote niliyoitaja juu ina maana pale, kwa sababu dakika zile za kilima cha maji zina mwenyewe.

Vivyo hivyo kwa doria, kwa waokoaji, na ndiyo, kwa safari za Ngamba, mradi ziwe ndizo kazi kubwa ya boti.

## Mifuko ya mchanga

Nilimpelekea Hajji maoni yangu kwa mdomo, nyumbani kwake, baada ya Alasiri. Ukitaka kuichukua ile ya Nakiwogo, nikamwambia, ichukue kwa ajili ya Ngamba na Ssese, na Jumapili ukodi chombo kingine, kipana, kizito, chenye dizeli ndogo isiyo na mbwembwe. Ukitaka chombo kimoja cha kazi zote, chukua ile ya Ggaba, na kila Jumapili kabla ya kurudi gatini, shusha abiria kisha ikimbize kwa robo saa ipate joto na kuchoma masizi yake.

Alifikiri. Akauliza kuhusu bei ya kukodi. Mwishoni akasema anaitaka ya Nakiwogo, lakini kwa sharti la fundi.

Sharti lenyewe ni hili. Boti ipakiwe kama itakavyopakiwa kazini, kwa mifuko ya mchanga badala ya watu, itolewe nje, isukumwe mpaka mwisho. Sindano ya mizunguko lazima ifike pale kitabu cha injini kinaposema. Isipofika, propela ni nzito kuliko injini ilivyo hapa juu, na injini itaishi ikiwa imeelemewa: moshi, joto, valvu zinazoungua. Wauzaji hawapendi jaribio hili. Chombo kilichotoka pwani kwa kawaida kinakuja na propela ya pwani, iliyopimwa kwa hewa ya bar moja, na hakuna anayekumbuka kuibadilisha.

Tuliifanya Jumatano. Fundi alipanga mifuko mwenyewe, mingi nyuma, michache mbele, kama abiria wanavyokaa kweli. Kuondoka kulikuwa kuzuri, pua haikuinuka sana, mlio mwembamba wa supachaja ukapanda na kukatika pale tabo ilipopokea. Hajji alitabasamu kama kijana. Lakini sindano ilisimama pungufu ya mizunguko mia tatu na zaidi, na haikusogea tena, hata baada ya fundi kuhamisha mifuko miwili mbele.

Pungufu kama hiyo ni kazi ya inchi mbili hivi kwenye mkunjo wa propela, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja, kwa kuwa kila inchi huachia mizunguko 150 hadi 200. Imevuliwa, imepelekwa kwa mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, ipunguzwe mkunjo na kusawazishwa. Puli iliyokaa upande imenyooshwa kwa gharama ya muuzaji, mkanda mpya umefungwa, na yale mafuta ya supachaja fundi aliyafungua, akayanusa, akayamwaga yote bila kusema neno.

Propela ikirudi tutapakia mifuko ileile na kutoka tena. Sindano ikifika, Hajji analipa. Isipofika, ile ya Ggaba bado ipo, na nimeshamwambia mwenyewe asiiuze kabla hatujampigia.